Hodi Kabla ya Hojaji: Je, Kila Mada ya Saikolojia ni Halali Kuichagua?



Ndugu msomaji, kila ukifika muhula huu, sisi wanafunzi wa saikolojia tulio mwaka wa mwisho huwa na swali moja midomoni: "Umeshapata mada?" Swali hili huulizwa hostelini, kwenye foleni ya chakula, hata msikitini baada ya swala ya Isha. Na ushauri unaotolewa ni ule ule. Chukua mada ambayo hojaji yake iko tayari. Chukua mada anayoipenda msimamizi wako. Chukua mada ambayo washiriki wake wanalala chumba cha pili, usije ukatumia nauli. Kusanya, andika, funga jalada, vaa joho.

Siudharau ushauri huo. Ada ni ghali, muda ni mfupi, na wazazi nyumbani wanasubiri. Lakini naona kuna swali linalotangulia yote hayo, nalo ni la kimaadili kabla ya kuwa la kitaaluma: je, ninayo haki ya kuuliza ninachotaka kuuliza? Mwenzetu wa uhandisi akichagua kupima nguvu ya tofali, tofali halina siri. Wa kilimo akipima udongo wa Mbale, udongo hauoni haya. Sisi tunachopima ni hofu ya mtu, huzuni yake, mazoea yake ya usiku, mambo ambayo hata mama yake mzazi hajaambiwa. Kwa hiyo mada kwetu si kichwa cha habari tu. Ni uamuzi wa kuingia ndani ya mtu.

Na hapo Muislamu anakutana na ugumu ambao vitabu vyetu vya mbinu za utafiti havimwelezi. Dini yetu imetufundisha kusitiri. Saikolojia inatufundisha kufichua. Nitaanzia wapi?

Nichukue mfano mmoja ili tusizungumze hewani. Tuseme mwanafunzi anataka kuandika kuhusu utafunaji wa mairungi na matumizi ya dawa za kulevya miongoni mwa wanafunzi Waislamu chuoni. Mada inavutia. Washiriki wapo, na kila mtu anajua kuwa wapo. Msimamizi ataipenda. Matokeo yatasomwa. Sasa ndugu yake katika imani anamkabili kwa hoja ifuatayo, nami nataka niieleze kwa nguvu zake zote, kwa sababu nimeona watu wakiipuuza kama hoja ya mtu asiyesoma, na sivyo.

Hoja yenyewe ni hii. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu (Subhaanahu wa Ta'ala) ametukataza mambo matatu kwa mpangilio: dhana nyingi, kisha kupelelezana, kisha kusengenyana. Ukiutazama mpangilio huo utaona kuwa ni ngazi. Mtu huanza kwa kudhani jambo juu ya mwenzake, dhana ikamsukuma kuchunguza, na uchunguzi ukampa cha kusema. Sasa tazama utafiti wetu: tunaanza na nadharia tete, tunakusanya taarifa, tunachapisha ripoti. Je, hii si ngazi ile ile iliyovishwa suti? Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayemsitiri Muislamu naye atasitiriwa, na amemkemea yule ambaye Mola wake amemfichia dhambi usiku, kisha kukipambazuka anaisimulia mwenyewe. Basi hojaji inayomtaka mtu aweke alama ya vema kwenye dhambi aliyoifanya wiki iliyopita inafanya nini, kama si kumwomba aondoe stara aliyowekewa?

Wengi hujibu kwamba hojaji haina jina. Ni kweli kutokuwepo kwa jina kunapunguza madhara, lakini hakujibu hoja yote. Tatizo si kujulikana tu. Kuna pia tendo lenyewe la kuchungulia.

Wapo wanaosikia hoja hii wakahitimisha kwamba Muislamu aachane kabisa na mada za namna hiyo, achague kitu salama, labda jinsi mwanga wa taa unavyoathiri usomaji. Nami sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, kunyamaza nako kuna wanaoumia. Mwenzetu anayelala mchana na kukesha usiku, aliyeacha kuhudhuria mihadhara, aliyeacha hata kuja kwenye darsa, hapati nafuu kwa sababu sisi tumemsitiri kwa kutomwona. Kusitiri ni kuifunika aibu ya mtu huku ukimsaidia. Kumwacha azame kimya kimya kisha tukasema tumemsitiri ni kulitumia jina zuri kwa jambo baya.

Pili, sheria yetu yenyewe inajua kwamba yapo mahitaji yanayoruhusu kilichofichwa kionekane. Tabibu huruhusiwa kuona sehemu ya mwili ambayo mwingine haruhusiwi, kwa kiasi kinachohitajiwa na tiba na si zaidi. Hind bint Utba alipomwendea Mtume (s.a.w.) kulalamika kuwa mumewe Abu Sufyan ni mgumu wa matumizi, hakuambiwa anyamaze kwa kuwa anamsengenya. Alipewa jibu la tatizo lake. Imam an-Nawawi katika Riyadhus Swalihin ametaja sababu sita zinazoruhusu kutajwa kwa aibu ya mtu, na miongoni mwake ni kutafuta fatwa na kuwatahadharisha watu na madhara. Wanazuoni wetu hawakufunga mlango. Waliuwekea kitasa.

Tatu, elimu ya nafsi si mgeni aliyekuja na meli kutoka Ulaya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi pamoja, akaeleza hofu, huzuni, hasira na wasiwasi kama mambo yanayohitaji matibabu. Miongoni mwa ushauri wake ni kwamba mtu akiwa mzima ajiwekee akiba ya fikra njema, kama anavyoweka dawa ndani kwa ajili ya maradhi ya ghafla. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizichambua hila za moyo wa mwanadamu kwa undani unaoshangaza hadi leo. Watu hawa hawakuyajua hayo kwa kufumba macho.

Basi kama jibu si "uliza chochote", wala si "usiulize kabisa", jibu ni lipi?

Nimelipata jibu langu katika kisa kinachosimuliwa sana juu ya Umar bin al-Khattab (r.a.). Inasimuliwa kwamba akiwa khalifa alikuwa akipita usiku katika mitaa ya Madina, akasikia sauti katika nyumba iliyomtia shaka. Akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Alipomkemea, yule mtu alimjibu kwamba ikiwa yeye amemuasi Mungu mara moja, basi khalifa amemuasi mara tatu: amepeleleza, na Mungu amekataza kupeleleza, ameingia kwa ukuta, na Mungu ameamuru nyumba ziingiwe kwa milango yake, na ameingia bila ruhusa wala salamu, na Mungu ameamuru kuomba idhini na kuwasalimu wenyewe. Umar akaikubali hoja hiyo, wakasameheana, akaondoka.

Kinachonigusa katika kisa hiki ni kwamba dhambi ya mwenye nyumba ilikuwa ya kweli. Dhana ya Umar haikukosea. Na nia yake ilikuwa njema, kwa kuwa alikuwa kiongozi anayechunga raia wake. Pamoja na hayo, ukweli wa alichokikuta haukuhalalisha njia aliyopitia. Mwenye dhambi naye ana ukuta, na ukuta wake una haki.

Mashtaka yale matatu, kwa maoni yangu, ndiyo mizani ya kupimia mada ya utafiti. La kwanza linahusu kusudi: unatafuta aibu au unatafuta dawa? La pili linahusu njia: umepita mlangoni au ukutani? La tatu linahusu idhini: umepiga hodi, na mwenyeji akawa na uwezo wa kweli wa kukwambia "rudi"?

Tutazame historia ya taaluma yetu kwa mizani hiyo. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli kuhusu ugonjwa wao, na penisilini ilipokuwa tiba inayojulikana, wao hawakupewa. Lengo lilikuwa kutazama maradhi yanavyokwenda. Katika miaka ya 1960, Laud Humphreys, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika sosholojia, aliwachunguza wanaume waliokuwa wakikutana kwa siri katika vyoo vya bustani za umma kwa tendo ambalo dini yetu inalikataza na ambalo sheria ya huko wakati huo ililiadhibu. Aliandika namba za magari yao, akapata kwa njia hiyo majina na anwani. Baada ya kama mwaka mmoja akaenda majumbani kwao akiwa amebadili sura na mavazi, akawahoji kana kwamba ni utafiti wa afya wa kawaida. Kitabu chake kilitoka mwaka 1970. Waliomtetea walisema matokeo yake yaliondoa dhana zisizo za kweli. Inawezekana. Lakini mwenye kukumbuka kisa cha Umar anajua kuwa jibu hilo halitoshi: faida iliyopatikana juu ya ukuta haiugeuzi ukuta kuwa mlango.

Kashfa kama hizo ndizo zilizowafanya Wamarekani waandike Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, ambayo ilisimamisha nguzo tatu: kumheshimu mtu, kumtakia heri, na kutenda haki. Leo hapa Uganda hakuna utafiti juu ya watu unaotakiwa kuanza bila kamati ya maadili kuupitia. Wengi wetu tunaiona kamati hiyo kama kizuizi kinachochelewesha mahafali. Mimi naiona kama bawabu, na nyumba yenye watu inastahili bawabu.

Lakini kamati huja baada ya mada kuchaguliwa. Kamati itaangalia fomu yako ya ridhaa, itakuuliza utaziweka wapi karatasi. Haitakuuliza kwa nini miongoni mwa mambo yote duniani umechagua hili. Hilo unabaki nalo mwenyewe na Mola wako.

Sasa nitoe mfano wa waliopiga hodi, na mfano huu ni wa hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walifika Masaka na Rakai, wilaya zilizokuwa zimeumizwa sana na Ukimwi. Kabla ya kupima chochote waliwauliza wanavijiji wenyewe: matatizo yenu ni yapi, na mnayaitaje? Watu wakataja kwa Kiganda hali mbili, *yo'kwekyawa*, yaani kujichukia, na *okwekubazida*, yaani kujihurumia kwa majonzi. Watafiti wakaona hali hizo zinakaribiana na kile ambacho vitabu vinakiita sonona, kisha wakaitumia lugha hiyo ya watu katika vipimo vyao. Ndipo wakaanzisha vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na wenyeji waliofundishwa, katika utafiti uliohusisha vijiji 30, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliohudhuria vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria. Ona tofauti. Hapa aliyeumia ndiye aliyetaja maumivu, akayapa jina, kisha akarudishiwa kitu. Mada haikuletwa kwenye mkoba. Ilitoka kwa wenye nyumba.

Mfano huu unajibu pia kishawishi kingine ambacho sisi Waislamu tunacho zaidi kuliko wengine. Baada ya kuiogopa mada ya aibu, wengi hukimbilia mada ya sifa: "Athari ya swala katika kupunguza msongo wa mawazo miongoni mwa wanafunzi Waislamu." Inaonekana njema na salama. Kwangu mimi inaweza kuwa na kasoro nzito kuliko ile ya mairungi, kwa sababu mara nyingi anayeichagua ameshaliandika hitimisho kabla ya hojaji. Anauliza huku amelificha jibu mfukoni.

Tujiulize: takwimu zikisema kwamba baadhi ya wanaoswali sana ndio wenye huzuni zaidi, utaziandika? Kama hutaziandika, hukuwa na haki ya kuuliza, kwani uliwachukulia watu muda na siri zao kwa swali ambalo hukukusudia kulisikiliza jibu lake. Na kama unaogopa kwamba takwimu hizo zitaiumiza dini, basi umeitundika dini mahali ambapo haikutundikwa na Mwenyewe. Swala ni ibada. Hatukuamrishwa kuisimamisha kwa sababu inashusha alama za hojaji. Nabii Yaaqub (a.s.) alikuwa na subira njema kabisa, na Qur'ani inatueleza kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na Bi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib, mwaka ule ulijulikana katika sira kuwa mwaka wa huzuni. Kuhuzunika hakukuwa upungufu wa imani kwa hao, iweje kuwe upungufu kwa msichana wa mwaka wa pili aliyefiwa na baba yake katikati ya mitihani? Utafiti uliokusudiwa kuthibitisha kwamba mwenye imani haumwi moyo utamwongezea msichana huyo mzigo wa pili: ana huzuni, na sasa ana shaka kama yeye ni Muislamu kamili.

Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, aliwaonya wanasaikolojia Waislamu tangu miaka ya 1970 wasiwafuate wenzao wa Magharibi katika kila shimo wanaloingia. Onyo lake bado linafaa. Mwaka 2010 watafiti wa Magharibi wenyewe walikiri kwamba asilimia 96 ya washiriki katika tafiti za saikolojia zilizopitiwa walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Kwa hiyo sisi tunapimwa kwa mizani iliyotengenezwa bila sisi. Wito wa kuandika mambo yetu wenyewe ni wa haki. Lakini uwenyeji si kibali. Mgeni hulazimika kupiga hodi kwa sababu hajui njia. Mwenyeji anajua ukuta ulipo mfupi. Mimi najua ni nani aliyeachwa na mchumba wake, ni nani aliyewahi kulazwa Butabika, ni nani anayeswali nyuma kabisa ili atoke haraka. Ujuzi huo nimeupata kwa udugu, si kwa utafiti. Nikiugeuza kuwa sampuli nimeula udugu.

Na jamii yetu chuoni ni ndogo. Ukiandika "mshiriki wa kike, miaka 22, anatoka Arua, anasoma uhandisi", hukuandika jina, lakini umemtaja. Watu watatu watakaosoma tasnifu yako watajua ni nani, na wa nne ataambiwa.

Sasa niseme nilichoamua, kwa kuwa si haki kukosoa mada za wengine huku yangu nimeificha. Nilikuwa nikitaka kuandika kuhusu wanafunzi Waislamu waliowahi kufikiria kujidhuru. Naamini ni jambo kubwa na kwamba tumelinyamazia. Nililipitisha kwenye ile mizani. Kusudi lilipita. Mlango haukupita, kwa maana mimi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Sina mafunzo ya tiba. Nikimfungua mtu kidonda hicho saa nne usiku chumbani kwake, nitamfunga kwa kitu gani? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayejitia kutibu hali hajulikani kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara yake. Idhini nayo ilikuwa na kasoro: mdogo wangu katika jumuiya, ambaye mimi ni kiongozi wake, atanikatalia vipi? Tena Kanuni ya Adhabu ya Uganda imekuwa ikilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo ningekuwa namwomba mtu aniwekee mikononi siri ambayo sina uwezo wa kumlinda nayo.

Lakini sikuiacha mada. Niliigeuza upande. Badala ya kuwauliza walioumia, nitawauliza wanaoendewa: maimamu wa misikiti ya wanafunzi, walezi wa hosteli, washauri nasaha, na wanaosoma ruqya. Mwanafunzi akija kwenu akasema hataki kuishi, mnamwambia nini? Mnampeleka wapi? Mnatofautisha vipi mwenye kuhitaji kisomo, mwenye kuhitaji daktari, na mwenye kuhitaji vyote viwili? Maneno gani mnayatumia kwa Kiswahili, kwa Kiganda, kwa Kilugbara? Swali hilo halimvui mtu stara. Linaukagua mlango wa msaada, kama uko wazi au umefungwa.

Rafiki yangu mmoja amenipinga, na pingamizi lake ni zito. Amesema: "Kwa hiyo walioumia watasemewa tena na wengine. Imamu atasema wanafunzi wanahitaji subira, mshauri atasema wanahitaji ushauri, na mwenye jeraha hatasikika." Sina jibu la kulifuta pingamizi hili. Ni hasara ya kweli, na nitaiandika katika tasnifu kama upungufu wa utafiti wangu. Ninachosema ni kwamba hasara hiyo nastahili kuibeba mimi, kwa kupata tasnifu isiyokamilika, kuliko kuibeba yeye kwa kuachwa na kidonda wazi. Wanazuoni wanatufundisha kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Kiasi changu ndicho hiki. Atakayekuja na elimu kubwa zaidi, akiwa na daktari pembeni na muda wa kukaa na watu, ataingia chumba ambacho mimi nimeishia barazani kwake. Kuishia barazani si aibu. Mgeni mwema huketi hapo mpaka akaribishwe.

Naye yule anayetaka kuandika kuhusu mairungi, simwambii aache. Namwambia aigeuze mada mpaka apate upande wenye mlango. Anaweza kuwauliza walioacha kwa hiari na wanaotaka wenyewe kusimulia namna walivyoacha. Anaweza kuuliza ratiba za mitihani, upweke wa mikoani na ukosefu wa fedha vinavyowasukuma vijana kutafuta kitu cha kukeshea. Anaweza kulipanua kundi lake liwe la wanafunzi wote, ili Waislamu wasije wakanyooshewa kidole peke yao na msomaji mwenye dhana. Na kabla ya yote, aende kwa walengwa wenyewe awaulize: katika haya, lipi mngependa lijulikane ili msaidiwe? Anaweza kushangaa kwamba wanalo, na kwamba si lile alilokuja nalo.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu amkinge na elimu isiyonufaisha. Tasnifu nyingi zitakaa kwenye rafu za maktaba, hazitafunguliwa tena. Lakini yule aliyejibu hojaji yako atabaki akikumbuka kwamba siku moja aliulizwa jambo zito na mtu aliyekuwa akitazama saa. Kwake yeye utafiti wako haukuwa kurasa 60. Ulikuwa wewe, namna ulivyoketi, na ulichokifanya na alichokwambia.

Kwa hiyo kabla hujapeleka mada kwa msimamizi, ipeleke kwanza kwa huyo. Msimamizi atauliza kama inapimika. Yeye atauliza kama inamheshimu. Zikikubaliana, tegemea kwa Mola wako na uanze kazi.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, atusitiri na atufanye wenye kusitiri, na awape shifaa wote wanaoumwa mioyo yao kimya kimya miongoni mwetu. Aamin. Wallahu a'lam.